Jicho la Kushoto la Fiston

Tulimzika Kocha Petersen siku ya Jumamosi, na baada ya maziko tukalishwa kwenye ukumbi wa kanisa lake mtaa wa Sydenham, hapa Durban: biriani ya kuku kwenye sahani za karatasi, saladi ya karoti, na juisi nyekundu iliyochotwa kwa kikombe kutoka ndoo yenye vipande vya barafu. Nilikaa meza ya mwisho karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa nimemwona Fiston akiingia na sikuwa tayari kumkaribia. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Amerika kuja kumzika mzee. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kijana mwembamba wa miaka kumi na tisa, anakimbia kana kwamba ardhi inamchoma nyayo; sasa alikuwa baba wa watoto watatu, kitambi kimeanza, koti la suti limembana mabegani. Watu walipomaliza kula, mjane wa kocha, Auntie Merle, akamwomba aseme neno. Fiston alizungumza kwa Kiingereza, taratibu, akasema kocha alimfundisha mchezo na adabu. Kisha akanitafuta kwa macho ukumbi mzima mpaka akanipata. "Lakini iko mtu mwingine," akasema, sasa kwa Kiswahili chetu, ingawa wengi waliokuwapo hawakukielewa. "Yaya Deo, simama wakuone. Huyu ndiye alinifungulia njia. Bila huyu, mimi ningekuwa bado nabeba magunia sokoni Warwick." Yaya, kwetu Kongo, ni kaka mkubwa. Akarudia kwa Kiingereza. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, sahani ikiwa bado mkononi, nikapigiwa makofi kwa ajili ya jambo baya kuliko yote niliyowahi kumtendea mtu.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na kwa miaka minne nilikuwa mlinzi wa kati wa timu ya besiboli ya Kocha Petersen. Asiyeujua mchezo huu nitamwambia machache tu: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na nyuma kabisa, mbali na wote, wanasimama walinzi watatu wa kudaka mipira iliyopigwa juu na mbali. Yule wa katikati ndiye mkubwa wao. Mpira ukiwa angani, yeye ndiye anayepaza sauti kwamba ni wake na wengine wanampisha. Niliingia katika mchezo huo kama kwa ajali. Petersen, mwalimu mstaafu, alikuwa akitufundisha Kiingereza sisi wageni kila Jumatano katika ukumbi ule ule wa kanisa, na siku moja akatutoa nje, akatupeleka uwanjani tukajifunze kuhesabu kwa Kiingereza tukiwa tunarushiana mpira. Wakongo wenzangu walicheka, wakarudi kwenye soka yao. Mimi nilibaki. Mchana nilitengeneza simu kwenye kibanda karibu na Warwick. Jioni na Jumamosi nilikuwa mtu wa kocha. Alinipa chumba cha uani, nyuma ya nyumba yake, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, dirisha moja, jiko la umeme la sahani moja, na rafu niliyoipigilia mwenyewe. Jumapili nilikula mezani kwao: kari ya kondoo na viazi, dengu, wali, na achari ya embe iliyonitoa jasho puani. Auntie Merle alinipakulia mimi kwanza kabla ya mumewe. Nilipokuwa nje ya geti lile nilikuwa mgeni kama wageni wengine, mtu wa kuulizwa karatasi zake. Ndani ya geti nilikuwa mlinzi wa kati.

Na ni mimi niliyemleta Fiston. Hilo nalisema mapema ili nisije nikajipa huruma nisiyostahili. Asubuhi moja ya Machi nilikuwa napita sokoni Warwick kwenda kazini, nikakuta lori la maboga likishushwa. Aliye juu ya lori alikuwa anayarusha bila hata kutazama, na chini alikuwepo kijana aliyekuwa akiyadaka kwa mkono mmoja, anageuka, anayapanga, anageuka tena na mkono uko tayari. Boga moja lilimponyoka mrushaji likaenda kombo, juu ya meza ya mama mmoja muuza dawa za mizizi. Yule kijana aliruka hatua tatu, akalitoa hewani juu ya vichupa vya yule mama, akamwomba radhi kwa Kizulu kibovu. Mama akacheka. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Petit, mdogo wangu, umetoka wapi?" Akasema anakaa Cato Manor kwa rafiki wa mjomba wake, ana miezi mitano Durban. Nikampa namba yangu. Nilifanya hivyo kwa furaha ya kweli. Nilifikiri nimempata mtu wa kusimama kulia kwangu.

Mazoezi yake ya kwanza yalikuwa Jumamosi iliyofuata. Kocha alimpa glavu ya zamani na kumwambia asimame mbali akaokote mipira tu. Kisha akapiga mpira mmoja mrefu kwa makusudi, mbali na Fiston, aone atafanya nini. Sikumbuki nani alikuwa amesimama wapi, nakumbuka uso wa kocha tu. Alikuwa na desturi ya kutafuna kijiti cha kiberiti wakati wa mazoezi. Kilimponyoka mdomoni. Akapiga mwingine, mbali zaidi, na mwingine, na akasahau kwamba sisi wengine kumi na wanne tulikuwa tumesimama tunangoja zamu. Baada ya wiki tatu Fiston alisimama katikati na mimi nikahamishiwa kulia. Baada ya mwezi kocha akasema kijana hawezi kukua kwa kula mkate na chai kule Cato Manor, akaleta kitanda cha pili kwenye chumba changu. Ili kiingie, rafu yangu ilibidi ing'olewe. Jumapili iliyofuata Auntie Merle alichukua sahani ya Fiston kwanza. "Mtoto bado anajenga mifupa," akaniambia, akanigusa bega. Nilitabasamu. Nilikula kari ile kama mtu anayetafuna karatasi.

Watu huzungumza juu ya wivu kana kwamba ni moto, unawaka ghafla. Wangu ulikuwa kama unyevu wa ukutani. Ulipanda polepole na nilikuwa naufuta kila siku. Shida ni kwamba Fiston alikuwa mtu mzuri. Alifagia chumba. Alinipigia pasi shati la kazi bila kuombwa. Aliniita yaya, kaka mkubwa, na alimaanisha. Angekuwa na kiburi ningepumua. Siku moja mwezi wa Juni, hewa kavu ya baridi, nilikuwa nje ya dirisha la jikoni nafungua bomba nijaze ndoo, na ndani kocha na mkewe walikuwa wanaosha vyombo. Auntie Merle akauliza, "Na Deo? Hutamwonyesha Deo kwa yule Mmarekani?" Sikujua bado kuna Mmarekani. Sahani zikagongana. Kisha kocha akasema, "Deo ni kijana mzuri wa kuwa naye. Ningemwachia funguo za nyumba. Lakini yule mwingine ana kitu ambacho mimi sikukifundisha na siwezi kukifundisha." Auntie Merle akasema, "Maskini." Ndoo ilikuwa imejaa, inamwagika miguuni mwangu, na maji ya Juni ni baridi. Lile neno lake moja lilinikaa mwilini kuliko yote aliyosema mumewe.

Mmarekani huyo aliitwa Bwana Hollis. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi zisizo na jina katika besiboli akitafuta vijana wa kupeleka kwao. Hawapelekwi ligi kubwa moja kwa moja; huko chini zipo ligi ndogo, ngazi juu ya ngazi, ambamo vijana hucheza miaka kadhaa wakijaribu kupanda, na wengi hawapandi. Angekuja Durban mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo alitaka rekodi: mbio za Fiston kwa saa ya kubonyeza, urefu wa kurusha kwake, mipira mingapi anafikia na mingapi anakosa, na alama za kila kipaji kwa vipimo vyao, kuanzia ishirini hadi themanini, hamsini ikiwa ni mchezaji wa kawaida wa ligi. Kocha alinipa kazi hiyo mimi. "Wewe una mwandiko," akasema, "na wewe unaujua uwanja wa nje." Akanikabidhi daftari lenye jalada gumu na saa. Basi nikakaa miezi mitatu nikimtazama mtu niliyemwonea wivu, kwa ruhusa, kwa amri hata. Nilijua anavyokanyaga. Nilijua kwamba kabla ya kurusha anavuta pumzi kupitia pua. Sikupunguza chochote katika daftari lile, na hilo si sifa. Nilijua Hollis atakuja na saa yake mwenyewe. Nikaandika sabini kwa mbio. Nikaandika sabini kwa mkono. Siku moja, kwa siri, nikajipa alama mimi pia, kwenye ukurasa wa mwisho. Nikajiandikia hamsini, nikaifuta nikaandika arobaini na tano, kisha nikaung'oa ule ukurasa.

Kulikuwa na jambo moja nisiloweza kulieleza. Mpira ukija kushoto kwake, juu, Fiston alichelewa. Nusu hatua tu, na aliifidia kwa mbio zake, lakini ilikuwepo. Na aliposhika gongo, ambapo sisi wengine tulisimama ubavu, yeye alikuwa anageuza uso wote kumkabili mrushaji, kama bundi anayekutazama. Jumapili moja mchana, tumelala kila mtu kitandani kwake baada ya kula, nikamuuliza. Akainuka, akaenda kuufunga mlango.

"Yaya, nakuambia wewe tu. Coach asijue. Jicho yangu ya kushoto haionaka mbali. Nikifunika ya kulia, wewe hapo kitandani uko kama moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Sikuambiaka mtu."

"Sasa mpira unauona namna gani?"

"Nasikiliza. Gongo ikigonga, sauti inaniambia unaenda wapi. Kisha natafuta na jicho moja."

"Na hata hivyo, quand même, unaudaka."

"Quand même naudaka," akasema, akacheka kwa aibu. Kisha akaeleza shida yake. Hollis alitaka kila kijana awe na karatasi ya kupima macho. "Mutu wa jicho moja nani atamutaka? Yaya, nisaidie. Uende kwanza wewe pale wanapopima, uziangalie zile herufi, uniandikie."

Nikaenda. Nilijifanya nataka kupimwa, nikakaa kwenye kiti, nikazisoma herufi zote mpaka mstari wa chini, na nilipotoka nikaziandika nyuma ya kalenda. Jioni tukipika, mimi nikikoroga fufu, ugali wetu wa muhogo, yeye akizikariri kama katekisimu. Siku mbili baadaye akaenda, akafunika jicho la kulia, akazisoma ambazo hakuziona, akapewa karatasi yenye muhuri. Alirudi mbio kutoka kituo cha taxi, yale mabasi madogo, mpaka getini, akanikumbatia akaninyanyua juu. Nami, nikiwa nimening'inia mikononi mwake, nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu. Mimi nina macho mawili. Yeye ana moja, na amenishinda kwa hilo moja.

Hollis alifika siku ya mawingu. Alikuwa mzee mrefu, kofia ya majani, mikono yenye madoa ya jua, haongei sana. Kocha alikuwa amemwomba awatazame vijana wote, kwa haki, kwa hiyo tulikimbia sote mmoja mmoja. Wiki nzima nilikuwa nimeacha sigara. Nilikuwa nimejiambia kwamba watu hawa wanaona mambo ambayo kocha wa mtaani haoni. Nikakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kukimbia maishani, nikapita mstari kifua mbele, nikageuka. Hollis alikuwa ameisimamisha saa. Aliitazama. Kalamu ilikuwa katika mkono wake mwingine na haikusogea. Nilipomkaribia, nikihema, akaniuliza kwa upole kama naweza kumwonyesha mahali pa kupata maji ya kunywa. Nikamletea maji. Kisha akakimbia Fiston, na Hollis akaandika, akamwomba arudie, akaandika tena.

Siku ya pili jioni, jua bado liko juu ya vilima, kocha aliniomba nimrudishe Hollis hotelini kwa bakkie yake, lile gari la nyuma wazi. Daftari langu lilikuwa mapajani mwa mzee. Alilisifu. Alisema amefanya kazi na watu wanaolipwa kwa hili na hawaandiki hivi. Hata leo naikumbuka ile sifa, kwa sababu ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, na ilinilainisha sekunde moja tu. Tukasimama kwenye taa za barabarani, zile ambazo Durban kila mtu anaziita robot. Akasema, "Kitu kimoja kinanisumbua. Mpira ukiwa kushoto kwake juu, yule kijana anachelewa. Umeandika hapa mara sita. Hujaandika kwa nini. Wewe unadhani kwa nini?"

Ilikuwa taa nyekundu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni mazoezi tu, na angeamini. Nilisema, "Haoni. Jicho la kushoto. Ile karatasi ya macho ni ya uongo, alizikariri herufi." Sikusema nani alimletea herufi. Hollis hakunitazama. Akafunga daftari, akauliza, "Una hakika?" Nikasema nalala naye chumba kimoja. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi. Mpaka hotelini hakusema neno lingine isipokuwa asante, na ile asante ilikuwa baridi. Nikarudi Sydenham nikiendesha polepole. Naomba nisiwe mwongo hapa: nilikuwa na raha. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Nilijiambia nimesema ukweli, na ukweli ni ukweli. Niliposhuka getini nikamkuta Fiston ameniwekea chakula, amekifunika kwa sahani nyingine kisipoe, na raha yote ikanitoka, ikabaki hofu. Sikula. Nilimwambia tumbo linaniuma.

Asubuhi saa mbili teksi ikasimama nje na Hollis akashuka, amekaza uso. Akamwita Fiston peke yake. Niliwaona kupitia dirishani wakizungumza, Fiston ameinamisha kichwa, mikono nyuma. Kisha wakapanda gari, wakaondoka. Kocha hakujua lolote. Alikuwa anatembea uani akitafuna kijiti chake. Mimi nilikwenda kazini, nikaharibu simu mbili za watu. Nilikuwa nimeyapanga tayari maneno ya kumfariji Fiston. Nilikuwa nimefikia hata kufikiri kwamba tutaweka ile rafu tena, juu zaidi, ukuta wa upande wa pili.

Niliporudi walikuwa uwanjani. Hollis alikuwa amempeleka kwa daktari wa macho. Lile jicho halikuwa bovu; lilikuwa linahitaji lenzi tu, kijiwambo chembamba cha kuweka juu ya mboni, na duka la miwani la pale lilikuwa nacho. Kocha alikuwa anapiga mipira mirefu upande wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, na Fiston alikuwa anafika kabla ya mpira. Anafika, anasimama, anausubiri. Alikuwa anacheka kwa sauti huko mbali peke yake. Aliponiona akaacha kila kitu, akakimbia uwanja mzima, akanirukia shingoni. "Yaya! Mimi niliogopa, wewe ukasema! Mzungu ameniambia, amesema niko na ndugu wa kweli." Juu ya bega lake nikamwona Hollis ananitazama. Kwa muda mrefu. Nadhani yeye alijua. Amekaa miaka mingi kati ya vijana wanaowania nafasi moja, na sauti yangu pale robot aliisikia vizuri. Lakini alichomwambia Fiston alikuwa ameshamwambia, na akaugeuza uso kando, akaomba apigiwe mpira mwingine.

Fiston aliondoka Februari iliyofuata. Uwanja wa ndege alilia, Auntie Merle alilia, mimi nilimbebea begi. Alicheza misimu mitatu katika ngazi za chini za ligi zile ndogo, kisha wakamwacha. Akabaki kule, akajifunza kufunga viyoyozi, akaoa. Kila Krismasi alinipigia simu, na kila mara alinishukuru, na kila mara niliitika. Nilirudi kusimama katikati ya uwanja mwaka ule wa 2012. Nilipata nafasi yangu, kitanda cha pili kikaondolewa, na Jumapili nikapakuliwa kwanza. Nilicheza miezi mitano nikaacha. Nilimwambia kocha magoti yananiuma.

Kesho yake baada ya maziko, Jumapili mchana, Fiston alikuja peke yake kwangu, ghorofani, mtaa wa Overport. Mke wangu alikuwa ameenda kanisani, mazoezi ya kwaya. Nilimpikia sombe, yaani kisamvu chetu, samaki na fufu, tukala kwa mkono, akasema watoto wake hawajui ladha hii, akaomba nyingine. Aliposimama kwenye sinki kunawa, nikasema kabla sijajizuia.

"Fiston. Ile siku ndani ya gari, sikumwambia Hollis ili akusaidie."

"Ulimwambia kwa nini?"

"Ili akuache."

Maji yaliendelea kutiririka juu ya mikono yake. Akafunga bomba.

"Nilikuonea wivu," nikasema. "Nilitaka akuone mwongo, arudi kwao, ubaki hapa. Mambo yalipogeuka ukanishukuru, na nikakuacha unishukuru. Mpaka jana."

"Mama yangu anakuombea kila asubuhi," akasema. "Unajua? Anataja jina yako kabla ya jina ya baba yangu."

"Najua. Uliniambia."

"Eish, Yaya." Hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua koti lake, akatoka kwenye kibaraza, mlango akauacha wazi. Nilidhani ameondoka. Nikakusanya sahani, nikakaa, nikasimama, nikafuta meza isiyo na uchafu. Baadaye sana akarudi, koti bado mkononi, akakaa kiti kile kile. Macho yalikuwa mekundu, yote mawili.

"Nataka kukuuliza kitu," akasema. "Na wewe leo hauna sababu ya kunidanganya. Wale wa kule waliniacha bila kusema kwa nini. Walisema asante, wakanipa tiketi. Nilimuuliza Coach, akasema nilikuwa mzuri, lakini Coach alinipenda. Mke wangu hajawahi kuniona uwanjani. Watoto wanafikiri ni hadithi ya baba. Wewe haukunipenda mwaka ule. Wewe uliniangalia kila siku na ulitaka nianguke. Basi niambie. Nilikuwa mzuri kweli?"

Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Mwezi wa Mei," nikasema, "tulicheza na wale wa kutoka Pietermaritzburg. Mimi niko kulia kwako. Yule mpigaji wao mnene akaupiga mpira ukapita juu ya kichwa chako, na ulikuwa umeshapita, Fiston, kila mtu aliona umepita. Nikaanza kukimbia nyuma yako nikauokote. Wewe uligeuza mgongo, hukuangalia hata mara moja, ukakimbia kuelekea uzio, na ukiwa bado umegeuza mgongo ukanyoosha mkono, mpira ukaingia kwenye glavu. Nilikuwa karibu nawe kuliko mtu yeyote. Wote wakaja kukukumbatia. Mimi nilipita pembeni yako bila kusimama, nikaenda mpaka kwenye uzio, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Nilikuwa nalia. Nilijua hata nikipewa miaka mia siwezi kufanya vile. Sijaona mtu mwingine akifanya vile, mpaka leo. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mpaka uliniharibu."

Fiston alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo. Kule chini watu walikuwa wanarudi kutoka makanisani, wanaitana kwa majina. Akaondoa mkono.

"Sema tena," akasema.

Nikamwambia tena, kuanzia mwezi wa Mei.